Je, Dawa ya Presha Huleta Sukari? Shinikizo la Damu, Insulini na Suala la Istilahi

Utangulizi

Ipo sentensi moja inayosikika mara kwa mara penye foleni za zahanati, ndani ya matatu na hata katika mikutano ya matanga: "Dawa ya presha huleta sukari." Anayeitamka haitamki kama swali. Aghalabu huitamka kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, na anayemsikiliza, hasa ikiwa alipewa vidonge juma lililotangulia, huenda akarudi nyumbani na kuvifungia kabatini. Makala haya yanadhamiria kuichunguza sentensi hiyo kwa pande mbili: upande wa tiba, ili tujue ni kiasi gani cha ukweli kimo ndani yake, na upande wa lugha, ili tuone ni vipi ukweli mdogo unavyoweza kutamkwa kwa maneno yanayoufanya uwe uwongo mkubwa.

Huenda msomaji akauliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na vidonge. Wengi wetu tunapohitimu huishia kufasiri maandishi ya afya, kuandaa vipindi vya redio, kuhariri magazeti au kufundisha vijana ambao wazazi wao wanameza dawa hizi. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza nchini Kenya, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na wengi wao hawakuwa wakipata matibabu yoyote. Maadamu hali ni hiyo, sentensi tuliyoitaja si maneno ya porojo tu. Mtu akiiamini vibaya, anaweza kuruka majivu na kukanyaga moto: akahofia sukari, akaacha dawa, kisha akapatwa na kiharusi.

Maneno yenye nyuso mbili

Tuanze na msamiati. "Presha" kwa asili ni msukumo wa damu ndani ya mishipa, na kila mtu aliye hai anao. Vivyo hivyo "sukari" ya damu ni kitu ambacho bila hicho ubongo haufanyi kazi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida maneno haya mawili yamekuwa majina ya magonjwa. Tunasema "Mama ana presha" au "mzee yule ana sukari", na hakuna anayetujibu kwamba hata yeye anazo. Huu ni mchakato wa kawaida wa lugha, ambapo jina la kitu huchukua nafasi ya jina la maradhi ya kitu hicho, na hauna ubaya wowote mpaka hapo maana zote mbili zinapohitajika ndani ya sentensi moja.

Hapo ndipo "huleta sukari" inapotutatiza. Yambwa katika sentensi hiyo inaweza kumaanisha kwamba kiwango cha glukosi katika damu hupanda kidogo, pengine bila mtu kuhisi lolote. Inaweza pia kumaanisha kwamba mtu huugua kisukari. Daktari akisema la kwanza, mgonjwa anaweza kusikia la pili, na wote wawili wakaachana wakiamini wameelewana. Kiima nacho kina kasoro. "Dawa ya presha" inasemwa katika umoja kana kwamba ni moja, ilhali kuna makundi zaidi ya matano ya dawa hizo, na kama tutakavyoona, baadhi yake hupunguza usikivu wa mwili kwa insulini, mengine huuongeza, na mengine hayaugusi. Kitenzi tutakirejelea baadaye.

Kuhusu neno usikivu

Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho. Kazi yake kuu ni kuziamuru seli za misuli na za mafuta zipokee glukosi kutoka kwenye damu, na kuliamuru ini lipunguze kutengeneza glukosi mpya. Seli zikiitika upesi, insulini chache hutosha. Zikiwa nzito kuitika, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Kipimo cha wepesi huo wa kuitika ndicho tunachokiita hapa usikivu.

Mwandishi wa makala haya amelichagua neno hilo kwa makusudi. Katika Kiswahili, kusikia si kupokea sauti tu. Ni kutii pia. Mtoto msikivu ni yule anayetenda alichoambiwa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu ingawa masikio yake ni mazima. Seli yenye ukinzani ni kama mtoto huyo wa methali: ujumbe unaifikia, kipokezi kipo, lakini utekelezaji unalegea. Kinyume na hapo, mfasiri anayekimbilia neno "hisi" au, vibaya zaidi, "mzio", atamfanya mgonjwa adhani kwamba insulini inamdhuru na inamfanya awashwe.

Kwa upande wa pili wa dhana hii, istilahi inayojitokeza haraka ni "usugu wa insulini". Neno "sugu" tayari limebeba mizigo mitatu: maradhi ya muda mrefu huitwa maradhi sugu, vimelea vilivyoizoea dawa huitwa vimelea sugu, na ngozi iliyokomaa kwa kazi huota sugu. Aliyewahi kuhudhuria mafunzo kuhusu kifua kikuu atadhani kuna kijidudu kinachopigana na insulini. Fauka ya hayo, kihusishi "wa" hakituelezi ni nani aliye sugu, kama ni insulini yenyewe au seli inayoikataa. "Ukinzani wa seli dhidi ya insulini" ni kirai kirefu, lakini hakimpotezi mtu.

Kabla ya kuilaumu dawa

Usikivu huu hupimwaje? Njia inayoaminiwa zaidi na watafiti ilielezwa na Ralph DeFronzo na wenzake mwaka 1979. Mtu hulazwa kitandani, insulini huingizwa katika mshipa wake kwa kasi isiyobadilika, na wakati huo huo maji yenye glukosi huingizwa kwa kasi inayorekebishwa kila baada ya dakika chache ili sukari ya damu ibaki pale pale. Baada ya saa mbili hivi hutazamwa ni glukosi kiasi gani ilihitajika. Aliyehitaji nyingi ana seli sikivu, kwa kuwa seli zake zilikuwa zikiimeza kila ilipoingia. Aliyehitaji kidogo ana ukinzani.

Mnamo 1987, Eleuterio Ferrannini na wenzake huko Pisa, Italia, walitumia njia hiyo kwa watu wachache wenye shinikizo la damu. Watu hao hawakuwa wazee wala wanene, na hawakuwa na kisukari. Ikadhihirika kwamba miili yao ilitumia glukosi pungufu kwa takriban asilimia 40 ikilinganishwa na watu wenye shinikizo la kawaida. Mwaka uliofuata, Gerald Reaven wa Marekani alieleza kwamba ukinzani dhidi ya insulini, shinikizo la damu, sukari inayoelekea kupanda na mafuta mabaya katika damu ni mambo yanayopenda kuandamana ndani ya mtu mmoja.

Matokeo hayo yanapaswa kutangulia kila mjadala kuhusu vidonge. Mtu mwenye shinikizo la damu huja hospitalini akiwa tayari amekaribia kisukari kuliko jirani yake. Akipewa dawa leo na sukari ikaonekana baada ya miaka mitatu, ni rahisi kuunganisha mambo hayo mawili, maana dawa inaonekana na ukinzani hauonekani. Isitoshe, wengi hupimwa sukari kwa mara ya kwanza kwa sababu tu wameanza kuhudhuria kliniki ya presha.

Thiazidi: dawa za mkojo

Hata hivyo, haitakuwa haki kuziondolea dawa lawama zote. Dawa ya kwanza ya kundi la thiazidi, klorothiazidi, ilitoka katika maabara za Merck Sharp & Dohme nchini Marekani na kuanza kutumiwa katika miaka ya 1957 na 1958. Kabla yake, dawa za kushusha shinikizo zilikuwa kali na zenye maudhi mengi. Hii ilimezwa kama kidonge cha kawaida, ikafanya figo zitoe sodiamu na maji kupitia mkojo, na shinikizo likashuka. Ndiyo sababu wagonjwa wetu huziita dawa hizi dawa za mkojo, au za kuondoa maji, jina ambalo kwa maoni yangu ni bora kuliko mengi ya kitaalamu.

Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kuona kwamba sukari ya baadhi ya wagonjwa ilikuwa ikipanda. Sababu mojawapo ni potasiamu. Figo zinapotoa sodiamu kwa nguvu ya dawa hizi, potasiamu nayo hupotea. Seli za kongosho zinazotoa insulini hutegemea mwendo wa potasiamu katika kuta zake ili zijue ni lini zifungue ghala, hivyo potasiamu ikipungua mwilini, utoaji wa insulini nao hulegea. Hapa kuna athari mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenganisha: insulini inayotolewa hupungua, na usikivu wa seli kwa hiyo inayotolewa hupungua pia. Zote mbili huishia kwenye kipimo kile kile cha sukari.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kiasi cha dawa. Katika miongo ya mwanzo ilikuwa kawaida kumpa mgonjwa miligramu 50, 100 au hata zaidi za haidroklorothiazidi kwa siku. Siku hizi miligramu 12.5 au 25 huwatosha wengi, na athari kwa sukari huwa ndogo. Aidha, utafiti wa Uingereza ulioitwa PATHWAY-3, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba haidroklorothiazidi ikichanganywa na amiloridi, dawa ya mkojo inayozuia potasiamu isipotee, sukari haikupanda kama ilivyopanda kwa haidroklorothiazidi pekee, na shinikizo lilishuka vizuri zaidi.

Vizuizi vya beta

Kundi la pili linalolaumiwa ni la vizuizi vya beta. James Black wa Uskoti aliyaongoza majaribio yaliyozaa propranololi katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa hizi hukaa kwenye vipokezi ambavyo adrenalini hutumia kuuharakisha moyo. Moyo hutulia na shinikizo hushuka. Lakini vipokezi vya namna hiyo viko pia katika kongosho, ambako huchochea utoaji wa insulini, na katika mishipa inayopeleka damu kwenye misuli. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa glukosi inayotumwa na insulini. Ikiwa damu inayoifikia imepungua, glukosi na insulini zinazoifikia nazo hupungua. Ongezeko dogo la uzito, ambalo huwapata baadhi ya wanaotumia dawa hizi, huzidisha uzito wa jambo lenyewe.

Si vizuizi vyote vya beta vilivyo sawa. Kavediloli hupanua mishipa ya damu pamoja na kuutuliza moyo. Katika utafiti wa GEMINI wa mwaka 2004, wagonjwa wenye kisukari na shinikizo la damu waliopewa kavediloli hawakuongezeka kipimo chao cha sukari ya muda mrefu, ilhali wale wa metoprololi waliongezeka kidogo.

Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Uingereza kuhusu kisukari uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha wagonjwa wa kisukari waliotumia atenololi na waliotumia kaptoprili. Wale wa atenololi walinenepa zaidi na sukari yao ilikuwa juu zaidi katika miaka ya mwanzo. Pamoja na hayo, makundi yote mawili yalikingwa sawasawa dhidi ya madhara ya kisukari, kwa sababu shinikizo lilishuka sawasawa. Mtu akisoma kipimo cha sukari peke yake angeitupa atenololi. Akisoma hatima ya wagonjwa, hukumu inakuwa nyingine.

Dawa iliyotoka kwa nyoka

Katika misitu ya Brazili kuna nyoka aitwaye jararaca, ambaye sumu yake hushusha shinikizo la damu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Maurício Rocha e Silva na wenzake huko São Paulo walikuwa wakiichunguza sumu hiyo walipogundua bradikinini, kemikali ya mwili inayopanua mishipa. Baadaye Sérgio Ferreira akaonyesha kwamba ndani ya sumu ile kuna vitu vinavyozuia bradikinini isivunjwe. Kutokana na ujuzi huo, David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb waliunda kaptoprili, ambayo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1981.

Kaptoprili na ndugu zake, kama vile enalaprili na lisinoprili, huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza anjiotensini, kemikali inayobana mishipa. Kazi ya pili ni kuivunja bradikinini. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, mishipa hupanuka kwa njia zote mbili, damu huifikia misuli kwa wingi, na seli huipokea glukosi kwa urahisi zaidi. (Bradikinini hiyo hiyo inayosalia ndiyo inayowaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, malalamiko ambayo kila muuza dawa anayajua.) Yaani hapa kuna dawa ya presha inayoelekea kuupunguza ukinzani dhidi ya insulini, jambo ambalo sentensi yetu ya foleni haliachii nafasi.

Ushahidi ulio wazi wa tofauti hii ulitolewa mwaka 1989 na Thomas Pollare, Hans Lithell na Christian Berne wa Uppsala, Uswidi. Wagonjwa 50 wenye shinikizo la damu walipewa kaptoprili na haidroklorothiazidi, kila moja kwa wakati wake, kisha usikivu wao ukapimwa kwa njia ile ya kuingiza insulini na glukosi katika mishipa. Wakiwa kwenye kaptoprili, usikivu uliongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi. Wakiwa kwenye haidroklorothiazidi, ulipungua kwa kiasi kama hicho. Watu walikuwa wale wale na ugonjwa ule ule. Kilichobadilika ni kidonge.

Dawa za kundi la losatani na valsatani, zinazofunga vipokezi vya anjiotensini bila kugusa bradikinini, nazo huegemea upande huo mwema. Katika utafiti wa LIFE wa mwaka 2002, waliotumia losatani walipata kisukari kipya kwa asilimia 25 pungufu kuliko waliotumia atenololi, ingawa mtu anaweza kuuliza kama losatani ilikinga au atenololi ilidhuru. Jibu lilitolewa kwa sehemu na utafiti wa NAVIGATOR wa mwaka 2010, ambao uliilinganisha valsatani na kidonge kisicho na dawa miongoni mwa watu zaidi ya 9,000 waliokuwa wamekaribia kisukari: kisukari kilipungua kwa asilimia 14. Kinga ipo, ila si kubwa. Na ramiprili, ndugu wa kaptoprili, ilipojaribiwa katika utafiti wa DREAM wa mwaka 2006, haikupunguza kisukari kwa kiasi ambacho takwimu zingeweza kukithibitisha, japo ilisaidia baadhi ya watu sukari yao irudi katika hali ya kawaida.

Kuhusu amlodipini na nifedipini hatuna la kusema sana. Dawa hizi huzuia kalsiamu isiingie katika misuli ya mishipa, mishipa ikalegea, na usikivu wa insulini ukabaki karibu ulivyokuwa.

Kuna kundi jingine ambalo kisa chake kina funzo kubwa kuliko matumizi yake. Doksazosini hupanua mishipa kwa kuzuia vipokezi vya alfa, na huongeza usikivu wa insulini. Kwa kutazama sukari tu, ingestahili kuwa dawa ya kwanza. Ilijaribiwa katika utafiti wa ALLHAT huko Amerika ya Kaskazini, na mwaka 2000 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa mapema, kwa kuwa waliotumia doksazosini walizidi kupatwa na tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu, takriban maradufu ya waliotumia klorthalidoni.

Tunapohesabu watu

ALLHAT yenyewe iliendelea, na matokeo yake ya mwaka 2002 yanafaa kusomwa polepole. Zaidi ya watu 33,000 waligawiwa klorthalidoni, ambayo ni dawa ya mkojo, amlodipini au lisinoprili. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni, baada ya miaka minne sukari yao ilikuwa imefikia kiwango cha kisukari kwa asilimia 11.6 katika kundi la klorthalidoni, asilimia 9.8 katika kundi la amlodipini na asilimia 8.1 katika kundi la lisinoprili.

Tuzigeuze asilimia hizo ziwe watu. Chukua watu 1,000 katika kila kundi. Waliopata kisukari ni 116, 98 na 81. Kwa vile amlodipini haiegemei upande wowote, tunaweza kuichukua kama mizani: wale 98 wangekipata hata kama dawa yao haikuhusika na sukari. Ziada inayoweza kubebeshwa klorthalidoni ni watu kama 18 katika 1,000 kwa miaka minne. Watu 884 waliimeza miaka yote hiyo wasipate kisukari.

Na mioyo yao je? Vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo na mishtuko ya moyo havikutofautiana kati ya makundi hayo matatu. Kwa washiriki weusi, ambao walikuwa zaidi ya theluthi moja ya washiriki wote, lisinoprili ilifuatwa na kiharusi kwa asilimia 40 zaidi kuliko klorthalidoni, kwa kiasi fulani kwa sababu haikulishusha shinikizo lao vilevile. Hapa ndipo suala linapotuhusu sisi moja kwa moja. Dawa iliyo rafiki zaidi kwa insulini si lazima iwe ndiyo inayoshusha presha ya Mwafrika vizuri zaidi ikitumiwa peke yake.

Swali hilo lilifanyiwa kazi barani kwetu. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwashirikisha wagonjwa 728 kutoka Nigeria, Afrika Kusini, Kenya, Uganda, Kameruni na Msumbiji. Kila mmoja alipewa dawa mbili pamoja. Amlodipini ikiambatana na haidroklorothiazidi, au ikiambatana na perindoprili, ilishusha shinikizo zaidi kuliko perindoprili na haidroklorothiazidi bila amlodipini. Mgonjwa ambaye sukari yake inatia wasiwasi, basi, hana haja ya kuchagua kati ya ubongo wake na kongosho lake: amlodipini pamoja na perindoprili ni mchanganyiko usiopunguza usikivu wa insulini na unaofaa kwa shinikizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unazitaja thiazidi, dawa za jamii ya kaptoprili na losatani, pamoja na za jamii ya amlodipini kuwa ndizo za kuanzia. Vizuizi vya beta havimo katika orodha hiyo ya mwanzo, ingawa huhitajika kwa sababu nyingine za moyo.

Mwaka huo huo wa 2021, jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa data za watu wapatao 145,000 kutoka tafiti 19. Kushusha shinikizo kwa milimita 5 tu za zebaki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 11. Kwa maneno mengine, ukiyajumlisha makundi yote ya dawa, kutibu presha huelekea kupunguza sukari.

Kitenzi na kijikaratasi

Tuliahidi kukirejelea kitenzi. Kiambishi "hu-" katika "huleta" huonyesha mazoea: jua huchomoza mashariki, ng'ombe hula nyasi. Hakiachi nafasi ya labda. Anayesema "dawa ya presha huleta sukari" ameiweka dawa katika daraja moja na jua. Kitenzi "kuleta" nacho kinatoa picha ya kitu ambacho hakikuwapo kikaletwa, ilhali tumeona kwamba kwa wengi ukinzani ulikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza. "Inaweza kuongeza" ni maneno mawili, na yamebeba karibu kila kitu ambacho watafiti wametumia miaka sitini kukithibitisha.

Mfasiri wa kijikaratasi cha thiazidi angeweza kuandika hivi: "Kwa baadhi ya watu, dawa hii inaweza kuongeza kidogo kiwango cha sukari katika damu. Usiiache bila kuonana na daktari. Omba upimwe sukari na potasiamu kabla ya kuanza na baada ya kuitumia kwa muda." Kirai "kiwango cha sukari katika damu" ni kirefu kuliko "sukari", na wahariri wa vijikaratasi hupenda kufupisha. Hapo wasikubaliwe. Ufupisho huo ndio unaorudisha jina la ugonjwa mahali ambapo tulikusudia kipimo.

Mazungumzo ya ana kwa ana yana taratibu zake. Muuza dawa akimuuliza mteja mzee, "Mama, unatumia dawa gani?" atajibiwa, "Ile ya presha, mwanangu, nyeupe ndogo." Rangi na ukubwa haviwezi kumsaidia, kwa kuwa kampuni mbalimbali hutengeneza dawa moja kwa sura tofauti. Akimwomba, "Mama, niletee karatasi yake tuisome pamoja," amepata jina, na kwa jina amepata kundi. Bila kundi hakuna jibu la swali la sukari.

Kijikaratasi cha vizuizi vya beta kinahitaji sentensi moja zaidi kwa mgonjwa ambaye tayari ana kisukari na anatumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi. Kwa kawaida sukari ikishuka mno, moyo hudunda kwa kasi na mikono hutetemeka, na mgonjwa hujua kwamba anapaswa kula kitu kitamu upesi. Dalili hizo mbili huletwa na adrenalini, na vizuizi vya beta huzifunika. Jasho halifunikwi, kwa kuwa tezi za jasho huamshwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo maneno ya kuandikwa ni haya: "Dawa hii inaweza kuficha baadhi ya dalili za sukari kushuka, kama vile moyo kwenda mbio na kutetemeka. Ukitokwa na jasho bila sababu, au ukihisi njaa kali na kuchanganyikiwa, pima sukari au kula kitu kitamu mara moja." Mfasiri akiliacha neno "baadhi", mgonjwa atadhani hana dalili yoyote iliyobaki ya kuitegemea.